Niliona Tela Linapinda, Nikanyamaza

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla sijaanza kueleza habari za wivu, maana naujua mdomo wangu. Nikishaanza kusimulia, mtu huondoka akidhani mimi ndiye niliyeonewa. Sikuonewa. Nilifanya kwa mikono yangu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote.

Jina sitataja. Watu wa Tabora wanaonifahamu watanitambua tu, na waseme watakavyo.

Mimi ni mke wa dereva. Mume wangu nitamwita Baba Asha. Yeye ni Mnyamwezi, mtu wa Bukene. Mimi wazazi wangu walitoka Ujiji, ila nimezaliwa na kukulia hapa hapa Tabora mjini. Tulikuwa tukifanya kazi pamoja kwa tajiri mmoja anayewapeleka wageni kwenye njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi na mizigo mabegani. Tunatoka hapa, Urambo, Kaliua, mpaka Ujiji kwenye ziwa. Wageni wengine hawataki mbali, wanataka msitu tu, hao tunawapeleka Sikonge wakaone mizinga ya nyuki.

Wageni hao wanalala ndani ya tela. Usifikirie tela la kubebea tumbaku. Hili ni kijumba cha magurudumu, kina vitanda, jiko dogo na choo, na linavutwa na pikapu. Baba Asha anaendesha, mimi napika.

Hiyo ndiyo kazi tuliyoajiriwa. Lakini kazi yangu hasa, ile niliyokuwa nikijivunia moyoni, ilikuwa kusimama nyuma ya tela.

Aliyewahi kurudisha tela nyuma anaelewa. Ukikata usukani kulia, lenyewe linakwenda kushoto. Ukichelewa kunyoosha, linajikunja na kugonga gari linalolivuta. Na dereva haoni kitu, kijumba chote kimemziba. Kwa hiyo mimi nilikuwa nasimama nyuma, upande wa kushoto, mahali anaponiona kwenye kioo cha pembeni, naye anashusha dirisha. "Njoo. Njoo. Kata kulia. Nyoosha. Njoo hivyo hivyo. Simama." Hata kulikamata tela ilikuwa vivyo hivyo. Namwita taratibu mpaka kichwa cha chuma kilicho nyuma ya gari kinakaa chini ya mdomo wa tela, naushusha mdomo, nafunga minyororo, nagonga bodi mara mbili. Twende.

Madereva wenzake walikuwa wakimtania. "Wewe unaendeshwa na mkeo." Naye anawajibu, "Ndiyo macho yangu ya kisogoni hayo." Nilikuwa nikisikia hivyo najifanya nashughulika na sufuria, kumbe nimevimba kwa raha.

Na kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Sisi tunagombana, kama watu wengine. Tunaweza kununiana kutwa nzima kwa ajili ya chumvi. Lakini akitia rivasi ananiita, nami nakwenda, na tukimaliza kuegesha tunakuta ugomvi umeisha bila aliyeomba radhi. Nyumba yetu ilisimama juu ya jambo hilo zaidi ya mahari.

Basi, tajiri akaleta pikapu mpya.

Nyeupe, ndani inanukia kama duka la viatu. Ina kamera nyuma na ubavuni, na mbele ya dereva kuna kioo kikubwa kinachomwonyesha kila zinachokiona. Ukitaka kukamata tela, unabonyeza, gari linarudi lenyewe mpaka chini ya mdomo wa tela, halikosei hata upana wa kidole. Ukitaka kurudisha tela, unaachia usukani kabisa. Kuna kitufe cha duara kama cha redio. Unakizungusha upande unaotaka tela liende, na gari lenyewe linahesabu usukani ukatwe vipi.

Na pamoja na gari akaja Mwanahamisi.

Huyu ni fundi, binti wa Dar, Mzaramo. Tajiri alimwajiri akae nasi kwa muda, amfundishe Baba Asha mambo ya gari lile. Siku ya kwanza aliingia uani kwetu na ovaroli yake na kitambaa cha manjano kichwani, akanipigia goti. "Shikamoo shangazi." Nikamwitikia marahaba, nikampa kigoda, nikampenda. Kisha akamgeukia mume wangu, akamuuliza kabila lake. Aliposikia, akalitupa begi chini.

"Kumbe huyu mpagazi wangu. Beba hilo begi. Babu zako walibeba mpaka pwani bila kuombwa."

"Tulibeba tukafika," Baba Asha akamjibu. "Tukawakuta nyie mmeuza mashamba mkacheze ngoma. Mpaka leo hamjamaliza kucheza."

"Ana mdomo huyu. Basi nimempata mume. Shangazi, utanipisha chumba kipi?"

Nikacheka. Yeyote wa Tabora anajua kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu misafara hiyo hiyo. Mtani akikuita mume, si mume. Akikunyang'anya kofia, hukasiriki. Akija msibani akalala mahali pa maiti na kudai ubani, unampa na unashukuru. Haya nayajua tangu utoto. Nayasema ili usinionee huruma ukadhani nilikuwa mgeni wa mila.

Nilicheka wiki ile ya kwanza. Ya pili nikawa nacheka kwa meno tu.

Kwa sababu walikuwa ndani ya gari na mimi nje. Vioo vimefungwa, kiyoyozi kinaunguruma, nawaona wanacheka lakini siwasikii. Mwanahamisi ameinama anaonyesha kioo, Baba Asha anazungusha kile kitufe kama mtoto aliyepewa peremende. Na tela linarudi. Jamani, lilikuwa likirudi vizuri, na hilo ndilo lililoniuma. Linapita kati ya mapipa mawili waliyoyaweka uwanjani, halikwaruzi. Mimi nimesimama mahali pangu pa siku zote, nyuma, kushoto, mikono imeinuka nusu, na hakuna aliyeniangalia.

Siku moja Baba Asha akashusha dirisha. Nikadhani ananiita.

"Mama Asha, nenda kivulini ukapumzike," akasema. "Umesimama juani miaka mingi. Siku hizi gari linaona lenyewe."

Alisema kwa wema. Sasa najua alisema kwa wema. Wakati ule nilisikia kwamba nimeachishwa.

Jirani yangu, Bi Mwajuma, naye hakunisaidia. Alichungulia juu ya ukuta na mswaki mdomoni, akasema, "Shoga, mwenzangu nililetewa mke mwenza mmoja. Wewe umeletewa wawili, mmoja wa damu na mmoja wa umeme." Kisha akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikaingia ndani nikapika wali ukaungua, na kila aliyelalamika nilimwambia akapikiwe na kamera.

Wivu una kazi ya ajabu. Unakuonyesha vitu vilivyopo, ila unavipanga upya. Mwanahamisi akimletea maji mume wangu, naona anamnywesha. Baba Asha akitaja "yule mtani", nasikia ametamka jina lake kwa utamu. Akiamka ananyoa ndevu, nasema moyoni, ananyolea nani. Na miaka yake inakaribia sitini, mgongo unamsumbua, usiku analala mdomo wazi. Nani angemtaka, zaidi yangu mimi?

Nikaanza kumnunia, hakugundua. Zamani ningenuna, akija kutia rivasi tunapatana. Sasa hapakuwa na rivasi ya kutupatanisha. Nikanuna mpaka nikachoka mwenyewe.

Sasa nije kwenye uovu wenyewe.

Kwenye ule mkono wa chuma wa tela, mbele, Mwanahamisi alikuwa amebandika stika ya mirabaraba myeusi na myeupe, kama ubao wa drafti. Aliibandika kwa kupima na futi, akaingiza vipimo kwenye kile kioo cha mbele ya dereva. Akatuita wote tukaangalie. "Shangazi, wewe ndiye unayeosha tela, kwa hiyo nakukabidhi wewe. Kamera inaangalia stika hii ili ijue tela limekaa upande gani. Ikisogea, gari linadanganyika. Usiisugue kwa nguvu."

Alinikabidhi mimi. Katika watu wote, alinikabidhi mimi.

Siku moja kabla ya safari ya Sikonge, alasiri, Baba Asha alikwenda msikitini na Mwanahamisi alikuwa chumbani kwake. Nilichukua maji ya moto na kisu cha kumenyea viazi. Nikaibandua ile stika taratibu, isichanike, nikaibandika tena pembeni kidogo, imekaa upandeupande. Nikairudishia vumbi juu yake kwa kiganja. Kisha nikanawa mikono nikaendelea kukatakata vitunguu.

Nilitaka nini? Nimejiuliza sana. Sikutaka mtu aumie, Mungu ni shahidi. Nilitaka tela liende mrama kidogo mbele ya wageni. Ligonge kichaka. Baba Asha aaibike, azime kile kioo, ashushe dirisha, aniite. Nilitaka kuitwa tu.

Tulifika msituni baada ya adhuhuri. Wageni walikuwa wazee wawili, mtu na mkewe, wakashuka wakaenda na mrina asali kuangalia mizinga. Mahali petu pa kuegesha palikuwa kati ya mninga mkubwa na mtaro wa maji ya mvua. Ni pembamba. Zamani pale nilikuwa nikimwingiza kwa dakika nyingi na jasho jingi.

Mwanahamisi alishuka na mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu, maana udongo ulikuwa laini. Akazunguka upande wa pili wa tela, sikumwona tena. Baba Asha akanitazama kupitia dirishani.

"Kaa tu, Mama Asha. Leo nakuonyesha."

Akapandisha kioo.

Nilisimama mahali pangu. Tela likaanza kurudi, na mwanzo lilikwenda sawa. Nikaona aibu ndogo moyoni, kwamba hata hila yangu imeshindwa. Kisha nikaona mkia wake unaanza kuvutwa kuelekea mninga. Kidogo, halafu zaidi. Ndani ya gari Baba Asha anazungusha kitufe kwa utulivu, uso umeinamia kioo, ambacho nyuma kabisa ya tela hakionyeshi, anaamini.

Niliona tela linapinda. Ningesema "simama" angesikia hata kioo kikiwa juu, kwa sababu sauti yangu pale nyuma anaijua kuliko adhana. Nikanyamaza. Nikasema moyoni, liguse mti. Liguse tu, ajue.

Ndipo nikaona kitambaa cha manjano. Mwanahamisi alikuwa amechuchumaa kati ya tela na mti, ametupa kisogo, anasawazisha mbao yake. Naye pia aliliamini gari.

Nilipiga kelele. Ilitoka, lakini ilitoka imechelewa. Baba Asha alikanyaga breki kwa nguvu, tela likajikunja likagonga kona ya pikapu mbele, na nyuma likambana yule binti mguu kwenye shina la mninga. Sitaeleza sauti aliyotoa. Naisikia mpaka leo nikifungua bomba la maji, sijui kwa nini bomba.

Tulimpeleka hospitali mjini, mguu umevunjika mahali pawili chini ya goti. Mume wangu ndiye aliyeendesha. Mimi nilikuwa nyuma nimempakata binti, na njia nzima alikuwa akinishika mkono na kuniita shangazi.

Hakuna aliyenishuku. Pale pikapu ilipogongana na mkono wa tela, stika ilikuwa imechanika vipande. Tajiri alikuja, akaangalia, akasema dereva amezungusha kitufe vibaya. Baba Asha akasema ndiyo, nadhani nilizungusha vibaya.

Tulipokwenda kumwona Mwanahamisi wodini, mguu umefungwa na umening'inizwa, alimwona mume wangu mlangoni akajitahidi kuinua kichwa. "Mpagazi wangu, umenivunja mguu ili nisirudi pwani, siyo? Basi utanibeba wewe. Babu zako walibeba vizito zaidi."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Wote wakamgeukia Baba Asha wasikie atakavyomjibu, maana mtani hujibu. Yeye alisimama pale ameshika mfuko wa machungwa. Akaweka machungwa kitandani, akatoka nje. Mtani asiyejibu ni mgonjwa kuliko aliyelazwa. Nilimwona Mwanahamisi naye anaacha kutabasamu.

Kesho yake mume wangu alimrudishia tajiri funguo. Akasema macho yamezeeka na mkono umekosa akili. Mtu aliyeendesha tangu kijana, aliyepita Kaliua kwenye tope hadi madereva wa malori wakamvulia kofia, akawa anakaa uani anachambua mchele. Mchele, ndugu msomaji. Nilikuwa nikiutazama ule ungo mapajani mwake nakimbilia jikoni.

Hapo ningeweza kusema. Sikusema. Nilijiambia nitasema binti akitolewa plasta. Nikajiambia nitasema mume wangu akianza kula vizuri. Mwoga hakosi sababu. Na nitakiri jambo baya zaidi: siku za mwanzo kuna sehemu ndogo ndani yangu iliyofurahi kwamba yuko nyumbani, na kwamba kamera imeshindwa.

Kilichonivunja ni neno lake mwenyewe. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka baada ya chakula. Akaniangalia, akasema:

"Najua si vizuri kusema hivi, yule ni mtoto wa watu. Lakini kila siku namshukuru Mungu kwamba nilikuambia ukae pembeni. Zamani ungekuwa nyuma pale pale. Ningekuvunja wewe."

Akanishika goti. Alikuwa na machozi.

Nikamwambia yote. Nilimwambia habari ya maji ya moto na kisu, na stika, na Bi Mwajuma, na jinsi nilivyowaona wanacheka ndani ya vioo. Nilimwambia haraka haraka nikiangalia mkeka. Nilingoja anipige, ingawa hajawahi kunipiga. Nilingoja hata talaka.

Aliuondoa mkono gotini pangu. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Ulikuwa wapi, lilipoanza kupinda?"

"Mahali pangu."

"Uliona?"

"Niliona."

"Na hukusema."

"Sikusema. Sikujua kama yuko nyuma. Wallahi sikujua."

"Sikukuuliza habari zake," akasema. "Nimeuliza kama uliona."

Akainuka, akakunja upande wake wa mkeka kama mtu anayetafuta kitu cha kufanya. Akasema akiwa amenipa mgongo, "Stika ni wivu. Wivu nautambua, hata mimi ninao. Stika ningekusamehe leo hii. Lakini nimerudi nyuma na wewe maisha yangu yote sijaona kitu, nimesikia sauti yako tu. Sikujua kama unaweza kunyamaza."

Nilimfuata Mwanahamisi peke yangu. Alikuwa kwa ndugu zake wa hapa mjini, mguu juu ya mto. Nilipiga magoti kweli, si ya shikamoo. Nikamweleza. Kwanza alifunga macho, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Kumbe mtani wangu hakunivunja." Nikaona mzigo umemtoka kwa ajili ya mume wangu kabla hajafikiria mguu wake.

Kisha akaniangalia mimi.

"Yule nilimwita mume kwa sababu ni mtani. Wewe nilikuita shangazi kwa sababu nilikuheshimu. Katika hayo mawili, hukuona lipi lilikuwa la kweli?"

Nilitazama mguu wake juu ya mto.

"Angekuwa yeye ndiye amenivunja, ningemtoza jogoo, tungemla na wali, tukacheka, yakaisha. Mtani hana kesi. Lakini wewe si mtani wangu, shangazi. Kwako sijui nifanyeje."

Hakunilaani, wala hakunifukuza. Aliniomba nimsogezee mto, nikausogeza, nikaondoka. Nimepeleka chakula mara nyingi tangu siku hiyo na hupokea kwa adabu. Sasa anatembea, anachechemea kidogo. Bado ananisalimia shikamoo, lakini hunisalimia vile mtu anavyomsalimia mzee aliyemkuta kituoni.

Kwa tajiri nilikwenda pia. Niliona kama nimeanza, nimalize. Alinisikiliza, akaniambia nisirudi kazini, na akamwita Baba Asha achukue funguo zake. Hapo nilimshukuru Mungu. Mume wangu alipotia mkono mfukoni akasikia zile funguo, mabega yake yalinyooka. Siku hiyo hiyo alipita kwa Mwanahamisi na jogoo kwapani, ingawa hakuwa anadaiwa. Nilisikia habari hizo kwa Bi Mwajuma. Walisikika wakirushiana maneno mpaka mtaa wa pili, Mzaramo akisema jogoo amekonda kama mwenye kumleta.

Nilidhani baada ya hapo mambo yatarudi. Mwanahamisi alipoanza kutembea alibandika stika mpya, mara hii akaifunika na plastiki ngumu. Mpishi ni mtu mwingine sasa, dada mmoja wa Ipuli mwenye heshima zake, sina neno naye. Baba Asha anakwenda safari na kurudi. Nyumbani hanigombezi. Chakula anakula, anasema ahsante. Hatununiani hata kidogo siku hizi, na nyumba imekuwa kimya kama ofisi.

Juzi alikuja na tela nyumbani, analileta tulioshe ndani kabla ya safari ya Ujiji. Lango letu ni jembamba. Nilisikia muungurumo nikiwa jikoni, na miguu yangu haikuniuliza. Nilitoka na mwiko mkononi, nikaenda mahali pangu, nyuma, kushoto. Nilikuwa nimeshainua mkono. Mdomo ulikuwa tayari kusema njoo.

Gari likasimama. Dirisha likashuka taratibu. Moyo wangu, mjinga huu, ukaruka.

"Mama Asha," akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "naomba utoke hapo nyuma, tafadhali."

Katika ndoa yetu yote, nyuma ya tela, hajawahi kuniambia tafadhali. Alikuwa akiniambia, "Wewe, sema basi!" na "Umelala huko?" na "Mwanamke huyu ataniua na kona zake." Nikatoka. Akapandisha kioo, tela likaingia langoni, halikugusa kushoto wala kulia.

Dada zangu, na nyie kaka zangu mnaojifanya hamna wivu, sina maneno mengi ya kuwaonya. Mkiona wivu, nuneni, pigeni kelele, unguzeni wali, semeni mbele ya watu hata kama mtachekwa. Hayo yote yana dawa. Lakini mtu anaporudi nyuma kwa kukuamini wewe, na ukaona anapotea, sema. Mchukie, na useme. Mimi nilichagua kunyamaza kidogo tu, kwa muda mfupi kuliko wa kumeza mate, na sasa nina muda wote wa kunyamaza.